Mstari Uliofuata Jeneza

Kijiwe chetu kilikuwa ubavuni mwa duka la Kanubhai, pale barabara inapoanza kupanda kwenda boma la Mdachi. Kiti chenyewe ni gogo la mvule lililosalia reli ilipokwisha kufika mjini, na kwa miaka ile tulikuwa tumelisugua kwa makalio mpaka linang'aa. Asubuhi ile mawingu yalikuwa yameshuka Uluguru hadi nusu ya kilima, boma huoni kabisa. Stambuli muuza kahawa alikwisha weka dele lake juu ya makaa. Mimi nilikuwa barazani na cherehani yangu, mikono kwenye kitambaa, masikio kwenye gogo. Wenyewe walikuwapo: Mzee Ahmadi, tuliyemwita Reli kwa kuwa aliitandika tangu Dar es Salaam na hakuchoka kutusimulia, Hatibu Mashauri, ambaye hana kesi wala ndugu mwenye kesi, lakini hakosi siku ya baraza bomani, na Alois, kijana wa misheni, tuliyemwita Padri kwa sababu anajua kusoma na hapendi tusahau. Juma zima neno lilikuwa moja tu. Manju Chanzi wa Mlali, aliyekuwa akiianza ngoma watu wa Mgeta wanatupa majembe na kuteremka, alikuwa amekufa, na sisi ndio tuliomzika.

Hatibu: Mie nasema amelishwa kitu. Mtu ana afya yake, juzi anacheza mpaka alfajiri, jana anashika tumbo, leo tunamfukia. Hiyo homa gani?

Ahmadi: Homa ya gari la moshi.

Hatibu: Ya nini?

Ahmadi: Weye hujapanda, hujui. Chanzi alikwenda Dar es Salaam kuimba, akarudi kwa gari la moshi mchana mmoja. Safari ya kulala njiani mara ngapi kwa miguu! Mwili unafika stesheni Morogoro, roho bado iko Ruvu, inatembea. Sasa mwili utakaa vipi bila mwenyewe?

Alois: Basi Wadachi wote wangekuwa wamekufa, Mzee Reli.

Ahmadi: Umepata kuwatazama macho?

Tukacheka, halafu tukaona haya, maana matanga yalikuwa hata hayajapoa. Stambuli akapitisha vikombe. Hatibu akavuta funda moja refu, akafuta masharubu.

Hatibu: Lakini mazishi yale, jamani. Mtu akizikwa vile, hata kama amelishwa sumu, amelipwa.

Ahmadi: Watu! Mkia wa jeneza uko sokoni, kichwa kiko bomani.

Hatibu: Mie nilitia bega hapa hapa, mbele ya duka. Nikanyang'anywa. Nikatia tena kule kisimani.

Stambuli: Mimi niliacha kahawa motoni ikaungua.

Hatibu: Na boma je? Boma lenyewe lilimwagika! Si mliona? Wale waliosimama mistari uwanjani, jeneza lilipotokeza tu, mstari mrefu wote ukakatika. Wakaja mbio, kofia mkononi, wanagombea bega.

Ahmadi: Hiyo ndiyo heshima. Manju aliwatoa watu mbele ya Bwana Shauri mwenyewe, na amelala.

Kwa asiyekuwapo nieleze. Siku ile ya mazishi Bwana Shauri, Mdachi anayekata kesi bomani, alikuwa ameita watu wa milimani wachague mzee mmoja wa kukaa naye barazani, awe anamwambia mila za huko kesi zinapokuja. Hakukuwa na karatasi. Anayetaka kuchaguliwa anasimama uwanjani, na anayemtaka anasimama nyuma yake, kisha Bwana Shauri anatoka kibarazani na kuhesabu. Wengi mjini hatukwenda hata kuchungulia. Wengine walisema ni mtego wa kukamata watu wa kazi ya barabara, wengine walisema Mdachi akikuuliza unataka nini, tayari amekwisha kujichukulia. Mimi nilisema yote mawili. Na kwetu, jeneza likikupita unaacha ulicho nacho unalisindikiza, walau hatua chache, na ukiweza unatia bega. Asiyefanya hivyo anasemwa mpaka wajukuu zake.

Alois: Kuna wachache walibaki. Mstari mfupi ule, wa mkwewe akida.

Hatibu: Wale? Jeneza limewapita puani, hawakuinua hata mguu! Watu gani wale?

Ahmadi: Hawana Mungu.

Tukawasema wale watu wachache mpaka kahawa ya kwanza ikaisha. Tuliwasema dini yao, tukawasema mama zao. Hakuna hata mmoja kwenye gogo lile aliyeuliza hesabu iliishaje.

Ndipo alipotokea mama mmoja, kikapu kichwani, tope la njia ya Kinole limempanda mpaka magotini. Alikuwa mtu mzima, wa makamo, uso umechoka kwa kutembea lakini umetulia. Akapiga goti kidogo mbele ya Mzee Ahmadi.

Mwanaheri: Shikamoo baba.

Ahmadi: Marahaba mwanangu. Watoka mbali.

Mwanaheri: Kinole, baba. Naitwa Mwanaheri. Nimelala njiani kwa shemeji yangu. Nasubiri tarumbeta ya boma. Shauri langu ni leo.

Alois akampisha mahali, akamwamkia. Stambuli akampa kikombe bila kuulizwa, na mama akakishika kwa mikono miwili kupasha vidole.

Hatibu: Shauri la nini, dada?

Mwanaheri: Shamba. Mjomba wangu amefariki. Ana shamba kando ya mto, lina migomba, lina makaburi ya mama zetu wote. Ni la lukolo, la ukoo wa mama. Kwetu mjomba akifa, shamba linarudi kwetu, watoto wa dada yake. Na nyie mwajua.

Ahmadi: Twajua.

Mwanaheri: Mwanawe wa kiume amekwenda kwa akida. Amesema la baba ni la mwana. Akida tuliyewekewa na Mdachi ni mtu wa pwani, kwao ndivyo ilivyo, akamkubalia. Na yule kijana amekwisha patana na Mzungu wa mashamba ya mpira. Shauri likikatwa leo kwa upande wake, mvua zikianza migomba inafyekwa. Na makaburi.

Hatibu: Makaburi?

Mwanaheri: Mpira unapandwa kwa mistari, kaka. Hauzunguki kaburi.

Mimi niliacha kukanyaga cherehani.

Mwanaheri: Lakini sina hofu sana. Siku ile ya kuchagua mzee wa baraza wanaume wa kwetu waliteremka wote kumsimamia Mzee Kobelo. Yeye ni mndewa, mkubwa wa ukoo, mila zote anazo kichwani. Akimweleza Bwana Shauri neno lukolo, ataelewa. Mdachi mkali, lakini akielezwa huwa anasikia.

Alois: Na wanaume wa kwenu walirudi wakasemaje, mama?

Mwanaheri: Walirudi wanazungumza mazishi ya Manju Chanzi tu. Nikajua ya bomani yamekwenda vizuri.

Namkumbuka Hatibu alivyonitazama. Nami nikamtazama Stambuli, naye akajitia anapuliza makaa ambayo yalikuwa yanawaka vizuri. Mmoja wetu angepaswa kumwambia pale pale. Badala yake tulirudi kwa marehemu, tena kwa kasi, kana kwamba ndiye aliyekuwa na haraka.

Hatibu: Ehe, Padri. Ulikuwa unasema lile sanduku.

Alois: Sanduku lipi? Aa, sanduku. Ndiyo. Kuna Mdachi mpita njia alikuja na sanduku lenye tarumbeta. Akamwimbisha Chanzi ndani ya ile tarumbeta, na sanduku likaimba sauti ile ile. Mimi nililisikia kwa masikio yangu. Tangu siku ile Chanzi alilalamika koo.

Ahmadi: Basi sauti imo sandukuni.

Alois: Sauti imo sandukuni, imekwenda Ulaya. Mtu kazi yake ni sauti, ukiitoa sauti kumebaki nini?

Stambuli: Kumebaki maiti.

Hatibu: Mie nakwenda mbali zaidi. Mimi nasema hakufa.

Ahmadi: Hatibu! Si ulitia bega?

Hatibu: Nilitia, ndiyo maana nasema. Jeneza lilikuwa jepesi. Mtu wa mwili ule, jeneza linapepea? Tumezika mgomba. Chanzi mwenyewe wamempakia merikebuni, yuko Ulaya, anamwimbia Kaizari wakati wa chakula.

Alois: Nani alikuwa ndani ya kaburi kuipokea maiti?

Hatibu: Watani wake wa Kizigua. Na watani watakwambia ukweli lini?

Siku nyingine tungepasuka mbavu. Siku ile kicheko kilitoka kidogo, kikafa. Mwanaheri alikuwa ameweka kikombe chini, anatusikiliza mmoja baada ya mmoja, kama mtu anayesubiri wenyeji wamalize kula ndipo aseme kilichomleta.

Mwanaheri: Samahani baba zangu. Mzee Kobelo amekwisha kupita kwenda bomani?

Alois akatazama milimani.

Mwanaheri: Nauliza kwa kuwa mmekaa hapa njiani. Lazima apite hapa.

Mzee Ahmadi alikohoa. Ni yeye aliyesema, na mpaka leo namheshimu kwa hilo, maana sisi wengine tungeendelea kuzika mgomba mpaka adhuhuri.

Ahmadi: Mwanangu, Kobelo hatapita.

Mwanaheri: Anaumwa?

Ahmadi: Mzima. Hakuchaguliwa.

Mwanaheri: Walikuwa wengi waliomsimamia, baba. Kwetu vijiji vilibaki na wanawake tu.

Ahmadi: Walikuwa wengi. Mstari wake ulifika kisimani. Halafu likapita jeneza.

Mama akashika ukingo wa kikapu chake. Niliona neno lile linavyoingia.

Mwanaheri: Wakatoka mstarini.

Ahmadi: Wakatoka. Kobelo mwenyewe alitangulia, alivua kofia akatia bega. Angefanyaje, mndewa asimame jeneza linapita? Bwana Shauri alipotoka kibarazani kuhesabu, akakuta wa mkwewe akida peke yao. Akahesabu waliopo, akaandika, akaingia ndani.

Mwanaheri: Huyo mkwewe akida anajua lukolo ni nini?

Hatibu: Alikuja juzi tu na gari la moshi, dada. Hata Kinole hajafika.

Mwanaheri: Na ninyi mlikuwa kwenye jeneza.

Hatibu: Wote.

Mwanaheri: Mlipomaliza kumzika, nani alirudi bomani kusema kwamba watu wa milimani hawajahesabiwa?

Baada ya kuzika tulikwenda matangani. Palikuwa na wali. Tulikaa mpaka jua linatua tukisifu jinsi watu walivyokuwa wengi.

Ahmadi: Ilikuwa siku ya kilio, mwanangu.

Mwanaheri: Hata mimi nilimlilia Manju, baba. Habari ilinikuta shambani, nikakaa chini nikalia. Alituimbia kwenye harusi yangu.

Hapo tarumbeta ya boma ikalia, mara ya kwanza, ile ya kuita wenye mashauri. Mwanaheri akasimama. Akakung'uta nguo, akajifunga kanga ya kichwani vizuri, akatutazama. Hakuwa na hasira, na mimi ningependa angekuwa nayo.

Mwanaheri: Mmesema jeneza lile mlipokezana bega. Mimi sitaki kubebwa. Nataka mtu mmoja tu wa kusimama nyuma yangu, Bwana Shauri akiuliza kama mila hii ni ya kweli, aseme ndiyo. Nani atakwenda nami?

Hatibu Mashauri, ambaye hakosi siku ya baraza, aliinama kutafuta kiatu chake, na kiatu kilikuwa mguuni. Alois akasema kwa sauti ya chini kwamba akida anamjua kwa jina. Mzee Ahmadi akashika magoti yake mawili kama anayataka yaamue yenyewe. Stambuli akainamisha dele juu ya kikombe, likatoa tone moja la machicha. Mimi nilikanyaga cherehani, nikashona mahali palipokwisha kushonwa. Kila mtu pale alikuwa amekwisha kuona mtu akilazwa chini uwanjani kwa kiboko kwa kumpinga akida, na kila mtu alikuwa anauona uwanja ule tena.

Alingoja. Tarumbeta ikalia mara ya pili.

Mwanaheri: Haya. Ahsante kwa kahawa.

Akajitwika kikapu, akaanza kupanda. Njia ni ile ile tuliyoijaza wiki moja nyuma mpaka mbuzi hana pa kupita. Alipofika kisimani mawingu yakaanza kumfunika, kwanza kikapu, halafu mgongo, halafu tukawa tunaona miguu tu, nayo ikaisha.

Kanubhai akatoka dukani, mikono yote ina unga. Alikuwa amezoea kutusikia tukigombana toka asubuhi, na nadhani kimya chetu ndicho kilichomshtua. Akatutazama mmoja mmoja.

Kanubhai: Vipi leo? Nani amekufa tena?