Fanuel Mwandawiro na Nyasi za Uwanja wa Voi

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Sagalla, nanyi mliopanda mlima kutoka Voi na mliotoka mbali zaidi, familia imeniomba mimi Silvanus, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha yake, na tumekubaliana yasomwe yote, pamoja na yale ambayo tumekuwa tukiyasema kwa sauti ya chini.

Fanuel Mwandawiro alizaliwa hapa Sagalla tarehe 3 Juni 1931, kifungua mimba wa wazazi wetu, akabatizwa katika kanisa hilo mnaloliona hapo chini, akaanza shule mwaka wa 1939 na kuendelea hadi darasa la nane, na ingawa alikuwa mwepesi wa hesabu, walimu walilalamika kwamba hawezi kuona mpira ukipita bila kuufuata, tabia ambayo hata ibada haikuiponya.

Mwaka wa 1951 aliajiriwa kuwa karani wa mizigo katika kituo cha reli cha Voi, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka wa 1986, na tarehe 14 Desemba 1957 alifunga ndoa na Dinah Wakio wa Makwasinyi, wakafanya makao yao mtaa wa Kaloleni, pale pale Voi, wakajaliwa watoto watatu, Susan, Phineas na Donald, ambao wote wameketi hapa na mama yao.

Sasa niingie kwenye mambo ya mpira, maana bila hayo mtakuwa mmemzika mtu mwingine. Mwaka wa 1968 alichaguliwa kuwa katibu wa kamati ya uwanja wa Voi, na mwaka wa 1983, tuliposikia kwamba nchi yetu itaandaa mashindano makubwa ya soka ya mataifa, na kwamba wakuu wa Nairobi wanatafuta mji mdogo wa kupewa mechi za kundi moja, ndugu yangu hakulala tena. Alisimama sokoni, alisimama makanisani baada ya matangazo, alifika Wundanyi na Taveta, akaenda mpaka kwa wakwe zake, kila mahali akieleza jinsi Wazambia na Wamisri watakavyolala kwetu na kula kuku wetu, na watu ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya siku ya soko wakakubaliana na yeye.

Kikwazo kilikuwa uwanja wenyewe, kwa sababu ulikuwa vumbi jekundu tupu na wakaguzi wa mashindano walitaka nyasi. Fanuel alizipanda, lakini masika ya mwaka wa 1984 yakakataa, mifereji ya mji ikawa inatoa hewa, na Jumapili moja akapanda mlima kuja hapa Sagalla na kuomba kila nyumba itoe debe la maji ya chemchemi, akina mama wateremke nalo hadi chini ya mlima, ambapo lori la rafiki yake Mutiso, mfanyabiashara wa Kaloleni, lingekuwa linangoja. Mama Priscilla, ambaye tuko naye hapa, alimwuliza mbele ya watu, "Mwanangu Fanuel, na sisi tunywe nini? Hizo nyasi zitatusaidia na nini?"

Ndugu yangu, alipoona watu wanaanza kuinuka, akajibu kwamba serikali imekubali kuleta bomba la maji Sagalla mara tu mashindano yakiisha. Hakuna mtu wa serikali aliyemwambia hivyo, aliyatunga maneno hayo pale pale akiwa amesimama, na mimi naona aibu kulisoma jambo hili kama yeye alivyoona aibu kuishi nalo.

Basi maji yalibebwa, nyasi zikashika, uwanja ukawa kijani kibichi, na sisi sote, watu tuliokua tukifukuza ndovu mashambani, tukasahau kwamba ukame ule haukubakiza kijani kingine popote hadi ndani ya mbuga ya Tsavo. Ndovu waliingia alfajiri ya siku ya ukaguzi, wakala, wakafukua, wakanywa mapipa yote ya maji yaliyokuwa nyuma ya goli, kisha wakapita kwenye bustani za Kaloleni wakielekea walikotoka. Wakaguzi walitazama kutoka langoni, mmoja akasema kwa adabu kwamba sheria za soka hazijataja ndovu, wakarudi kwenye gari lao, na mashindano yakapelekwa kwingine.

Voi walicheka, lakini Sagalla hakuna aliyecheka, kwa kuwa mbuzi walikuwa wanakufa na chemchemi ilikuwa tope. Tangu hapo Fanuel hakuweza kuwatazama watu wa huku machoni. Mahari ya Susan ilipoletwa mwaka wa 1985, ambapo baba ndiye hupokea wageni nyumbani kwa wazee wake, alinituma mimi na kusingizia maumivu ya jino, na tulipomzika mama mwaka wa 1987 alisimama nyuma kabisa, akaondoka kabla ya chakula.

Mwaka wa 1988 alianza kuugua figo, akatibiwa Voi na baadaye Mombasa, na tarehe 9 Aprili 1989 akatuacha, akiwa amemsihi Dinah azikwe katika makaburi ya mjini, kwa maneno yake mwenyewe, "Nitawezaje kuwaambia watu wale wanichimbie?"

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa reli, majirani wa Kaloleni, na Mutiso ambaye hakuacha kumtembelea. Kwenu watu wa Sagalla sina maneno ya kutosha, kwa sababu Jumatano nilipanda kuja kuomba radhi, na pengine kipande cha ardhi cha kumzikia, nikakuta kaburi limeshachimbwa na Mama Priscilla anawapikia wachimbaji. Nilipoanza kuungama habari ya bomba, alinikatiza, akasema, "Silvanus, tulijua siku ile ile kwamba anadanganya. Huyo tumemlea, tunamjua akidanganya. Tulibeba kwa sababu ni yeye aliyeomba."

Kaka, ungepanda tu ukasalimia. Lala sasa kwa amani, uko kwenu.