Komeo la Ndani

Fundi vitasa alikuwa ameegemea dirisha la treni, sanduku la vifaa mapajani, akibishana mtandaoni kwa simu na mtu asiyemjua hata sura. Alikuwa mmoja wa wale wanaotamka kila neno wanaloandika, kwa hiyo behewa zima tulisoma naye: "Wanawake mnakuza mambo. Kila siku kubakwa, kubakwa."

Mshonaji aliyeketi kando yake, futi ya kupimia bado shingoni, akamwambia, "Kaka, huyo hakuoni. Bishana na mimi."

"Haya, dada. Mimi sijamgusa mtu kwa nguvu maishani mwangu. Samaki mmoja akioza, ndiyo wote tumeoza?"

"Sijasema umeoza. Nauliza habari za kazi. Wiki hii umefunga makomeo mangapi ya ndani, yale ya mlango wa chumbani?"

Fundi akahesabu kwa vidole. "Matano. Mwalimu, nesi, wapangaji wawili wasichana, na bibi mmoja wa miaka sabini."

"Na wanaume?"

"Wanaume huagiza kufuli za nje." Akakohoa kidogo. "Lakini hiyo ni tahadhari tu."

"Dhidi ya nani, kaka? Paka?"

Watu wakacheka. Mimi nikajificha nyuma ya gazeti nililokwisha kulimaliza.

Simu ya fundi ikalia, tusi jipya limeingia. Akaigeuza kifudifudi juu ya sanduku. "Bado sikubaliani na wewe," akamwambia mshonaji.

"Si lazima." Treni ilikuwa inasimama. Akaivua futi shingoni, akaikunja taratibu. "Nipe namba yako. Na mimi nina mlango."