Subiri Kidogo Yupo

Mgeni rasmi, ambaye ndiye Mganga Mkuu wetu mpya, wauguzi wetu, mama wa usafi, wagonjwa wenzetu mlioketi na nyinyi mliokosa pa kuketi: tunawasalimu kwa furaha kubwa, ingawa daktari ametuonya tusiizidishe kwa sababu ya presha.

Makaribisho

Karibu sana, mgeni rasmi. Karibu kwenye benchi. Usihofie suti yako, benchi hili halina vumbi. Vumbi lingekaa wapi, na sisi tumelikalia siku zote?

Sisi ni wazee wa kliniki ya wazee. Anayekusomea risala hii ni mwenzetu Dalali, ambaye ujanani alikuwa akinadi makabati na vitanda vya chuma. Hatukumchagua kwa elimu, tumemchagua kwa koo, maana nusu yetu hatusikii vizuri na nusu nyingine hatusikilizi. Tumemwonya asikuulize nani anaongeza.

Tunajua ukumbini umeandaliwa kiti cha mto na chupa ya maji. Tunakushukuru kwa kukubali kuviacha ukaja kutusikiliza hapa koridoni, mbele ya chumba cha macho. Haikuwa inda. Daktari wa macho amefika leo, yumo humo ndani, na ameshaanza kuita. Mlango huu ukifunguka tutaomba radhi, tutanyamaza. Sababu utaisikia.

Historia ya benchi letu

Kliniki yetu ilifunguliwa kwa shangwe, ikiwa na dirisha moja na tangazo moja. Tangazo lilisema: MPISHE MZEE APITE KWANZA. Jambo jema kabisa. Ila kliniki ni ya wazee watupu. Kila aliyefika dirishani aligeuka nyuma, akamwona mzee, akampisha.

“Pita, mzee.”

“Mzee nani? Pita wewe.”

“Wewe si ndiye uliyekuwa unanibeba mgongoni?”

“Nikubebe mimi? Kwa mvi hizo?”

Foleni ikawa inarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Karani wa dirishani alitazama, akatazama, akafunga dirisha akaenda kunywa chai. Siku hiyo hakutibiwa mtu. Lakini hakuna aliyekubali kuwa mkubwa kuliko mwenzake, na wote tulirudi nyumbani tukijiona vijana.

Aliyetuokoa ni Bibi Redio, tunayemwita hivyo kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Alisema, “Jamani, tuache umri. Anayeumwa zaidi atangulie.” Loo! Hapo ndipo ugomvi ulipoanza upya. Waliokataa kuwa wazee wote wakawa mahututi. Watu walikohoa vikohozi vya kuazima.

Mwishowe tuliamua tukae kwenye benchi, tusogee kwa kusukumana, basi. Ndivyo chama chetu kilivyozaliwa.

Mafanikio

Mafanikio yapo, tusiwe watovu wa shukrani. Dawa za presha zinapatikana. Wauguzi wanatuita baba na mama, na wakati mwingine wanatukumbuka kwa maradhi yetu, jambo linalotufanya tujione watu maarufu.

Sisi wenyewe pia tumeelimika. Zamani mzee mwenzetu akiambiwa “kidonge kimoja, kutwa mara tatu,” alirudi nyumbani na mashaka, akijiuliza kidonge hichohicho kikishamezwa asubuhi kitarudi vipi kumezwa mchana. Siku hizi tunaulizana hapahapa benchini kabla hatujaondoka.

Tena tumejifunza kujisemea. Bibi Redio aliletwa na binti yake, daktari akamwuliza binti, “Anakula vizuri?” Binti akajibu, anakula. “Analala?” Analala. “Choo anapata?” Hapo Bibi Redio akaingilia: “Anapata. Tena anasikia, na yuko hapahapa kwenye kiti.” Tangu siku ile daktari huyo anamwuliza mwenye ugonjwa. Ni kijana mzuri, ana masikio.

Changamoto

Mgeni rasmi, changamoto ni nyingi lakini tutakutajia zile zinazochekesha, maana zile nyingine unazijua.

Tunaambiwa tuje hatujala, kwa ajili ya kipimo cha damu. Tunakuja hatujala. Mwenye sindano anatufikia jua limeshapita utosini, na wakati huo tunamtazama yeye mwenyewe kwa uchu. Tunapimwa presha, tunaambiwa, “Mzee, presha iko juu.” Ndiyo, iko juu. Asubuhi tulikuja nayo ikiwa chini.

Kikopo cha mkojo kinatolewa chini, choo kiko juu. Ukiwa chini huna mkojo. Ukiwa kwenye ngazi unao. Ukifika juu unakuta kufuli, na ufunguo uko chini.

Lakini kilichotuleta mbele yako leo ni habari ya mwenzetu mmoja. Ni yule aliyekaa mwisho wa benchi, mwenye mkoba mapajani. Mama, nyanyua mkono akuone. Mkono mwingine, mama, huo umeshika fimbo. Ahsante.

Huyu alikuwa fundi cherehani. Nguo yake ikikukaa mwilini, hata mwenye kitambi alionekana ana msimamo. Tatizo lilikuwa siku ya kuichukua. Mteja akija, jibu lilikuwa moja tu: “Subiri kidogo, bado vifungo.” Suruali haijakatwa, bado vifungo. Shela la bibi harusi lisilo na kifungo hata kimoja, bado vifungo. Mtaa mzima ukamwita Fundi Subiri, naye akaitika, maana mwenye kosa halalamikii jina.

Kisha macho yakaingia ukungu. Uzi ulipoanza kukataa tundu la sindano, akalaumu viwanda, kwamba sindano za siku hizi zinatobolewa kwa uchoyo. Baadaye akalisalimu koti lililotundikwa mlangoni, akanuna lilipokaa kimya. Alipoletwa hapa akaambiwa ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na dawa yake ni upasuaji. Daktari wa kumpasua anakuja kwa msimu.

Nyumbani kwake kuna kitukuu, sasa anatambaa. Amemlea tangu alipowekwa mikononi mwake akiwa kwenye blanketi. Anamjua kwa vidole, kila pindo. Ukimwuliza mtoto anafanana na nani, anajibu, “Masikio ni ya marehemu mume wangu. Kichwa kimeshonwa vizuri. Sura bado sijaiona.” Mgeni rasmi, sisi tunacheka kila kitu, lakini akisema hivyo huwa hatucheki.

Basi siku ya kuandikishwa alisimama dirishani. Karani, bila kuinua kichwa, akauliza, “Jina?” Fundi alikuwa ameinama anapekua mkoba, anatafuta kitambulisho kati ya mikasi na vibonge vya uzi. Akajibu kama alivyowajibu watu maisha yake yote: “Subiri kidogo.”

Karani akaandika. Jina lake, Subiri. Jina la baba, Kidogo.

Akapewa kadi. Hakuisoma. Angeweza kuisoma, asingekuwa pale.

Siku ya daktari wa macho, Fundi aliwahi kufika hata kabla ya mama wa usafi. Amevaa gauni lake la heshima. Mlango huu hapa ukafunguka nusu, Sista, muuguzi wa chumba cha macho, akatoa kichwa, akaita kwa sauti:

“Subiri Kidogo!”

Benchi zima likaitikia, “Haya, mama.”

Mlango ukafungwa. Punde ukafunguliwa. “Subiri Kidogo!”

“Tumesikia!”

Mara ya tatu Sista alipaza sauti hasa, na Fundi mwenyewe ndiye aliyetugeukia kwa ukali: “Wazee gani nyinyi msio na adabu? Binti wa watu amesema subirini kidogo, nanyi mnajinyonganyonga! Kaeni!” Tukakaa. Sista akarudi ndani, akasema mgonjwa hayupo, akaitwa mwingine.

Jioni Fundi aliuliza dirishani, akaambiwa, “Uliitwa, hukuitika.” Akarudi nyumbani akiwaambia wanawe kwamba macho yametangulia, sasa na masikio yanafunga virago.

Daktari alipokuja msimu uliofuata, yakawa yaleyale. Mlango, kichwa, subiri kidogo, haya mama. Jua lilipoanza kuinama Bibi Redio akashindwa kuvumilia.

“Mwanangu,” akamwambia Sista, “hicho kidogo chako kina urefu gani?”

“Kidogo gani, bibi?”

“Si unatuambia tusubiri kidogo tangu asubuhi?”

“Mimi siwaambii msubiri. Nilikuwa namwita mgonjwa.”

“Mgonjwa gani?”

“Subiri Kidogo.”

“Nasubiri. Haya, mgonjwa gani?”

“Nimeshakwambia, bibi! Subiri Kidogo!”

“Ala! Swali dogo hivi nalo lina foleni?”

Hapo Dalali akaelewa. Alicheka mpaka meno yake ya juu yakamtoka, yakaangukia kwenye kofia ya jirani. Cheko likatambaa benchi zima, Sista akaegemea mlango huku machozi yanamtoka. Fundi alicheka kutushinda sote. Halafu akauliza polepole, “Gari la daktari limeshaondoka?”

Lilikuwa limeshaondoka.

Tulikwenda dirishani, chama kizima na fimbo zetu, kuomba jina lirekebishwe. Mgeni rasmi, hebu kisia tuliambiwa nini.

Na kanuni iliyobandikwa pale inasema, mgonjwa asiyeitika kwa misimu mitatu anafutwa, anaanza upya kama hajawahi kuumwa. Leo ndio msimu wa tatu. Ndiyo maana tuko hapa mlangoni na si ukumbini, na ndiyo maana tangu jana tunafanya mazoezi ya kuitika.

Maombi

Tunaomba ufunguo wa choo uishi karibu na choo.

Tunaomba anayeandika maelezo kwenye pakiti za dawa akumbuke kwamba wasomaji wake hawaoni vizuri, ndiyo maana wanatumia dawa.

La tatu ndilo letu hasa. Sista hana kosa, koo lake limekauka kwa kutuita, na tunampenda. Ila mlango unapofunguka tunaomba asiishie kwenye jina. Aongeze neno moja: njoo. “Njoo, Subiri Kidogo.” Neno hilo halihitaji bajeti wala mfadhili. Humu ndani tumeambiwa tukae, tusogee, turudi kesho, tusubiri. Njoo hatujaambiwa siku nyingi.

Mwisho, mgeni rasmi, tumesikia ulisomea mbali na umerudi na vyeti. Hongera. Lakini baadhi yetu tunakukumbuka kabla ya vyeti. Ulikuwa mteja wa Fundi. Kaptula yako ya shule uliisubiri mpaka muhula ukafunguliwa, ukaenda na ya kaka yako, umeikaza kwa kamba. Fundi ametuagiza tukwambie kwamba hakukusahau, ilikuwa bado v…

*(Hapa Dalali alikatizwa. Yanayofuata hayakuwemo kwenye karatasi. Benchi limeyaongeza ili kumbukumbu ikae sawa.)*

Mlango wa chumba cha macho ulifunguka nusu. Mgeni rasmi alikuwa ameshainuka, ananyoosha mikono kupokea risala, akidhani imefika mwisho. Sista akatoa kichwa.

“Subiri Kidogo!”

Mgeni rasmi akarudi benchini, akakaa, mikono magotini.

Benchi likalipuka. “Yupo!” Mazoezi yote ya jana yakasahaulika, kila mtu akapiga kelele kivyake. “Yupo! Huyu hapa!” Dalali damu ya mnada ikampanda: “Yupo mara ya kwanza! Yupo mara ya pili! Nani anasema hayupo?” Bibi Redio alisimama juu ya benchi, na goti lake lile bovu!

Fundi tu ndiye hakusimama. Alikuwa ameukumbatia mkoba. “Ni mimi kweli?” akauliza. “Au anatuambia tusubiri?”

Mgeni rasmi alikuwa ameshaelewa, amecheka mpaka anafuta macho. Akaenda mwisho wa benchi, akainama, akampa mkono.

“Shikamoo, Fundi. Njoo.”

“Marahaba, baba.” Akainuka. Vidole vyake vikapanda wenyewe kwenye mkono wa koti la mgeni, vikasimama. “Kifungo hiki kimelegea. Nani kakushonea?”

“Nilinunua dukani, mama.”

“Inaonekana.”

Mgeni akamsindikiza mpaka mlangoni, Sista akampokea. Ndipo mgeni rasmi akamwuliza, kwa sauti ambayo koridoni hatukuitarajia kwa mtu mwenye suti, “Na kaptula yangu, mama?”

Fundi akageuka. Hakuwa akimwona, lakini alimtazama palepale alipokuwa.

“Subiri kidogo, mwanangu,” akasema. “Bado macho tu.”

Mlango ukafungwa. Dalali akaikunja karatasi. Kwa koo lile lililouza vitanda vya chuma, alimalizia hivi:

Mgeni rasmi, Mungu akujalie uzee mrefu na foleni fupi. Akupe magoti yasiyolalamika na meno yasiyosafiri. Na siku utakapokuja kuketi kwenye benchi hili, maana utakuja, atakayetoka kukuita akukute upo, na akwambie njoo.

Ni sisi, Wazee wa Benchi la Mlangoni. Tupo wote, kasoro mmoja.

Huyo yumo ndani.