Vidonda vya Mama Viliwahi Kufunga

“Andika aliugua tumbo kwa muda mfupi, basi, inatosha,” alisema baba mkubwa Yordani.

“Tumbo lipi, shemeji?” alisema mama mkubwa Agripina. “Andika roboti. Walimtoboa kama gunia la mahindi linalochomwa bambo kupimwa nafaka, wakamrudisha nyumbani akafa. Andika hivyo hivyo, Pendo.”

“Unataka kugeuza msiba uwe kesi.”

“Nataka watu wajue kwa nini mimi siendi.”

“Huendi kwa sababu unaogopa, Agripina. Hata kutoboa masikio uliogopa.”

“Na wewe usiyeogopa, ulimpeleka wapi mdogo wangu?”

Wazee wangu, shikamooni, na ninyi nyote mliokuja kutuzikia mama yetu, poleni. Wengi wenu mliyasikia maneno hayo jana alasiri mkiwa mmekaa kwenye turubai, kwa hiyo sikuona faida ya kuyaruka. Baba ndiye aliyeyamaliza, akasema aliyelala na marehemu hospitali zote mbili ndiye aandike, na huyo ni mimi, Pendo, mtoto wake wa pili, kwa hiyo nitasoma niliyoyaona, na pale nisipojua nitasema sijui.

Mama yetu, Edna Gerald Haule, alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge, nje kidogo ya mji wa Korogwe, akiwa mtoto wa mwisho wa mzee Gerald Haule, ambaye baba yake alitoka Songea kuja kukata mkonge na hakurudi tena kwao, na wa bibi Joyceline, Msambaa wa Bumbuli. Kambini Wakristo na Waislamu walikaa mlango kwa mlango, wakila sikukuu zote, na ndiyo maana mama alipika futari nzuri kuliko baadhi ya waliofunga, jambo ambalo mzee Hashim jirani yetu alikuwa akilisema kila Ramadhani, na mkewe akimjibu aende basi akafuturu huko.

Alianza shule ya msingi Korogwe mwaka 1989, akamaliza darasa la saba mwaka 1995, lakini hakuendelea na sekondari, kwa kuwa mwaka ule shamba lilipunguza watu na babu alikuwa mmoja wao. Mwaka 1997 alijifunza ushonaji parokiani, kisha akashona kwenye vibaraza vya Korogwe mjini hadi alipokutana na baba yetu, Petro Mhina, aliyekuja kushonesha suruali moja na kuirudisha mara tatu ipunguzwe, ingawa haikuwa na tatizo lolote. Walifunga ndoa takatifu tarehe 25 Septemba 2004, wakahamia hapa Misima, na Mungu akawajalia watoto watatu, Gerald aliyezaliwa mwaka 2005, mimi mwaka 2008, na Frank mwaka 2013.

Hapa Misima mlimfahamu kwa cherehani yake, na nikitazama mbele yangu naona mashati ya shule aliyoyashona yeye. Hakuwahi kumkabidhi mtu nguo kabla hajaigeuza ndani nje na kuupitia mshono wote kwa kidole, hata kama mwenye nguo amesimama mlangoni anamwambia ana haraka, na palipolegea alifumua akaanza upya.

Maradhi yake yalianza katikati ya mwaka 2023, kwa maumivu chini ya mbavu za kulia kila alipokula chakula cha mafuta, na kwa muda mrefu alitibiwa vidonda vya tumbo bila kupata nafuu, na mwezi Agosti mwaka huo niliacha shule nikiwa kidato cha pili ili nyumba iwe na mtu. Januari mwaka huu wa 2025 alipigwa picha ya tumbo Korogwe, ikaonekana ana mawe kwenye mfuko wa nyongo, na mama mkubwa Agripina, aliyetoka kwake Kwamsisi, anakouza kuku siku za mnada, kuja kumsindikiza, akasema maumivu hayo hata yeye anayo, akapimwa siku ile ile, akakutwa na mawe vile vile. Wote wawili waliandikiwa kwenda hospitali ya rufaa kutolewa mfuko huo, mama tarehe 11 Machi na mama mkubwa tarehe 15 Aprili, ambayo ni Jumanne ya wiki ijayo.

Kwa kuwa limesemwa sana neno roboti, naomba nieleze nilivyoelezwa. Daktari alimwambia mama kwamba zamani wangempasua tumbo kwa mkato mrefu, lakini siku hizi wanatoboa matundu manne madogo, wanaingiza kamera nyembamba na vifaa virefu, wanatazama kwenye televisheni na kukata mfuko kule kule ndani, na mgonjwa huenda nyumbani mapema kwa kuwa ngozi na nyama havikukatwa sana. Mama akamuuliza kama mkono wake hautetemeki akiwa anashona kwa mbali namna hiyo, daktari akacheka, akasema kuna nchi ambako daktari hukaa pembeni kabisa na kuongoza mikono ya mashine isiyotetemeka, ila wao hapa bado wanashika vifaa kwa mikono yao wenyewe. Hadithi hiyo ilimfurahisha mno mama, akaja nayo Misima, akawa anasema ni kama kutia uzi kwenye sindano iliyoko chumba cha pili, na ilipofika mnadani ikawa Edna amepasuliwa na roboti. Si kweli, alipasuliwa na watu, nao walimpasua vizuri kwa kadiri nilivyoona, na tarehe 13 Machi tuliruhusiwa.

Nesi Evodia, aliyetutoa wodini, alituambia mimi, mama na mama mkubwa kwamba maumivu yakizidi badala ya kupungua, au ikija homa, au macho yakiwa ya njano, turudi siku hiyo hiyo, hata kama vidonda vya nje vimeshafunga.

Ninyi akina mama wa Misima mna utaratibu mzuri, nami nimeuona tangu utotoni, kwamba mwenzenu akipasuliwa mnamshikia zamu ya maji, kuni na palizi mpaka kidonda kifunge, na mama Shida alipopasuliwa wakati wa uzazi zamu hiyo ilifika miezi miwili. Kwa mama pia mlikuja, na kama ilivyo desturi mkaomba kuona kidonda, mama akafunua kanga, mkaona plasta nne ndogo.

“Hiki ndicho kilichokutoa Misima?” aliuliza mama Shida. “Mimi nikijichoma na sindano ya gunia navuja damu kuliko hivi.”

“Ndani kumekatwa, jamani,” alisema mama.

“Ndani wapi, Edna? Mbu kakuuma wewe.”

Mama alicheka hadi akashika tumbo, na sisemi haya kumlaumu mama Shida, ambaye tangu juzi hajatoka jikoni kwetu, kwa sababu mama mwenyewe aliona haya kulala wakati wenzake wanamchotea maji kwa vidonda vya ukubwa wa punje ya mahindi. Plasta zilipobanduka na vidonda vikawa vikavu, zamu ilikwisha kama desturi inavyotaka, na mama akachukua jembe akaenda kupalilia. Nimemuuliza daktari wa Korogwe kama jembe ndilo lililomuua, akasema hapana, bali ndani palikuwa panavuja nyongo kidogo kidogo, jambo linalowatokea wachache, na likiwahiwa hutolewa kwa mrija na mtu akapona.

Homa ilianza tarehe 20 Machi, baba akiwa Mazingara kwenye shamba la mbali akilinda mahindi yasiharibiwe na ngedere, simu yake haipatikani, na mwenye kauli hapa nyumbani alikuwa baba mkubwa.

“Baba mkubwa, nesi alisema turudi,” nilimwambia.

“Alisema mrudi kidonda kikiharibika. Kidonda kiko wapi? Nionyeshe.”

“Alisema hata kikifunga.”

“Pendo, kilichofunga kimepona. Hii ni malaria, mvua zimeanza.”

Hakusema kwa ubaya, alisema kama ambavyo kila mtu hapa angesema, na alikwenda mwenyewe kwa baiskeli hadi duka la dawa akaleta za malaria, na zilipokwisha akaleta za taifodi, na mama akazimeza zote kwa utii, kisha akaletewa mizizi ya kuchemsha, akanywa na hiyo. Nilipoona weupe wa macho yake umebadilika nilimwita Gerald, naye aliona, tukamwonyesha baba mkubwa, akasema ni ukali wa dawa. Nilikwenda hadi barabarani kutafuta mtandao nimpigie nesi, simu ikaita, ikaita tena, haikupokelewa, na sijui hadi leo kama namba niliiandika vizuri.

Baba alirudi tarehe 2 Aprili, akamtazama mama machoni, akaenda kugonga kwa mzee Hashim. Asubuhi iliyofuata mzee Hashim alimpakia mama kwenye pikipiki, mimi nikiwa nyuma nimemshika kwa kanga, akatufikisha Handeni mjini akiendesha taratibu kwenye kila shimo, na kutoka hapo tulipewa gari la wagonjwa hadi Korogwe. Madaktari walihangaika naye, walimwekea maji na dawa, walimtoa nyongo na usaha, lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu, na gari la kumpeleka rufaa likiwa limeshawashwa moto, Jumamosi tarehe 5 Aprili 2025 asubuhi, mama yetu alifariki dunia, kilomita chache tu kutoka kambi aliyozaliwa. Nilikuwa nimemshika mguu, kwa sababu ndio peke yake usiokuwa na mrija.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali zote, pamoja na wale wa upasuaji wa kwanza, mzee Hashim ambaye hakutaka hata kulipwa mafuta, akina mama wa Misima, mafundi cherehani wenzake waliosimamisha kazi zao, na baba mkubwa Yordani, ambaye tangu Jumamosi hajala, na ambaye naomba leo ale. Nawaomba pia, akipasuliwa mwingine hapa kwetu, msiombe kuona kidonda, muulizeni amelalaje.

Kwako mama mkubwa Agripina, nimeandika kama ilivyokuwa, si kama ulivyoniambia, unisamehe. Mimi ni mtoto, siwezi kukuvuta mkono kukupandisha gari Jumanne, na wala sina la kukuahidi, kwa kuwa hata mama aliahidiwa mema na hayakumfika. Nimekuona leo asubuhi ukijishika chini ya mbavu ukidhani hakuna anayekutazama.

Mama, pumzika sasa, usiamke mapema, palizi tutamalizia sisi.

Nimebakiwa na jambo moja, ambalo jana sikulisema kwa sababu watu walikuwa wanagombana. Siku ile tulipokuwa tunamtoa nje kumpeleka kwenye pikipiki, mama alishika kizingiti akatusimamisha, pumzi zikimkatika, tukadhani anataka maji, lakini alikuwa anamtafuta dada yake, aliyekuja kumwona, kwa macho yale ya njano, na alipomwona akamwambia, “Dada, tarehe yako imeangukia siku ya mnada. Waache hao kuku, uende.”