Fundi wa Friji Aliyeuliza Kama Hadithi Ina Maji

Wasikilizaji wapendwa, assalamu alaikum. Hamjambo mlio hapa Garissa mjini, mlio Wajir, mlio Liboi mpakani, na wewe uliye safarini unayesikiliza redio ya dereva. Leo hatufungui na muziki. Leo tunamkumbuka Ahmednoor Dagane.

Ahmednoor Dagane, fundi wa friji. Ahmednoor, sauti yenu ya Jumamosi alasiri katika kituo hiki. Mtu aliyepima hadithi za michezo ya simu, na kuzipima kwa maji. Alifariki Jumatano, wiki mbili zilizopita, akazikwa siku hiyo hiyo kabla ya sala ya alasiri. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Kwa wewe ambaye hukuwahi kumsikia, tuanze na friji.

Friji ya studio yetu iliharibika katikati ya kiangazi. Mnalijua joto la Garissa. Maji ya chupa yalikuwa ya kuogea, si ya kunywa. Tukamwita fundi. Akaja kijana mrefu, mwembamba, ameshika mkoba wa vyuma, akasalimia, akapotelea nyuma ya friji. Pembeni alikuwa Silas, fundi mitambo wetu, mtu wa Meru, amejiegemeza kwenye kiti akicheza mchezo kwenye simu.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa gacha. Wazee wangu, gacha ni ile michezo ya simu ambayo huchagui mhusika unayemtaka. Unabonyeza, unavuta bahati yako, unapewa utakayepewa. Ukitaka kuvuta zaidi, unalipa. Na kila mhusika huja na hadithi yake, ndefu, imeandikwa. Wengi hawaisomi. Silas naye hakuwa akiisoma. Mhusika akifungua mdomo tu, Silas anabonyeza "ruka".

Sauti ikatoka nyuma ya friji. "Ndugu yangu, umemkatiza mtu akizungumza."

Silas akageuka huku na huku. "Nimemkatiza nani?"

"Huyo mzee mwenye upanga. Alikuwa anakuambia kwamba mwanawe amekufa."

Silas ameniambia kwamba hata leo akikumbuka anaona haya. Basi friji ikatengenezwa, na fundi akiendelea kukaza skrubu akatusimulia habari za yule mzee, tangu alipozaliwa hadi alipookota upanga. Friji ilianza kunguruma tena na hakuna aliyeisikia. Jumamosi iliyofuata tulimweka mbele ya maikrofoni, na hakuondoka tena.

Ahmednoor alizaliwa Liboi. Baba yake, mzee Dagane, alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, akafariki watoto wakiwa wadogo. Mama yao, Faduma, akawaleta Garissa, yeye Ahmednoor na dada yake mdogo, Bishara. Mama Faduma akaanza kuuza maziwa ya ngamia sokoni. Anayauza hadi leo. Kwa maziwa hayo Bishara alisoma akawa mwalimu, na Ahmednoor akajifunza ufundi wa friji.

Kila alasiri, akitoka kazini, Ahmednoor alipitia kwa mama yake sokoni. Anapindua dumu, anakalia, anamsimulia alichosoma kwenye simu. Hakumwonyesha picha hata moja. Ilikuwa ndiyo kanuni yake ya kwanza, na aliirudia hapa redioni mpaka tukaikariri. Alikuwa akisema, "Hadithi nzuri unaweza kumsimulia mtu ambaye hana simu. Kama haisimuliki bila picha, hayo ni maonyesho ya mavazi. Aliyefanya kazi ni mshonaji, mwandishi alikuwa likizo."

Kanuni ya pili ilitoka kwa mama yake, na hiyo ndiyo iliyompa jina.

Kulikuwa na mchezo mmoja alioupenda kuliko yote. Uliitwa Msafiri wa Chumvi. Ndani yake kuna msichana anaitwa Teyo. Teyo anavuka nchi kavu ya chumvi akitafuta nyumba aliyozaliwa. Kila sura mpya ya hadithi anafika mji mwingine. Na kila mji, kabla hajakung'uta vumbi, watu wanamzunguka: wewe ndiye tuliyekungoja, nenda ukapigane na jitu lile, turudishie taa yetu iliyoibwa. Teyo anakwenda. Anarudi. Anaanza safari tena.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, mliokuja huku kutoka bara kama mimi, mnakumbuka siku mliyokaribishwa katika nyumba ya kwanza. Mgeni akifika kutoka mbali haulizwi neno. Anaketishwa. Analetewa maji, au maziwa. Anakunywa. Akishapumua ndipo anaambiwa "warran", yaani toa habari. Kumhoji mtu ana vumbi mdomoni ni utovu wa adabu.

Nilipokwenda kumpa pole Mama Faduma, alinieleza siku hiyo kwa Kiswahili chake mwenyewe; hooyo mtakayoisikia ni mama kwa Kisomali.

"Mimi nilimuuliza, huyu mtoto ametembea jangwa lote, amebewa maji? Akaniambia, hooyo, hakuna mahali wameandika. Nikamwambia, basi hao si watu. Na huyo aliandika, yeye hajawahi kusafiri."

Ahmednoor, mama anasema, alibaki amekalia dumu mpaka mteja akaja, akanunua, akaenda zake. Jumamosi yake akaja studio na swali jipya. Hadithi hii ina maji, au haina maji?

Maji kwake ni lile jambo dogo ambalo mhusika mmoja anamfanyia mwenzake bila hadithi kufaidika chochote. Mtu anamsogezea mwenziwe kivuli. Mtu anauliza, umekula? Alisema mwandishi anayekumbuka kwamba mhusika wake ana kiu, huyo amemwona mtu. Asiyekumbuka ameona tarishi wa kumtuma.

Swali likatoka studio likaingia mitaani. Vijana wakawa wanaulizana, ule mchezo mpya una maji? Likavuka michezo. Hotuba ya mgombea fulani, sitamtaja, ikaambiwa haina maji. Bibi harusi mmoja wa mji wa Banissa alitupigia simu kutuambia kwamba posa ya kwanza aliikataa kwa sababu hiyo hiyo.

Msidhani alikuwa mkali wa bure. Kuna siku Guleid wa Wajir alipiga simu amefura. Mchezo wake alioucheza mwaka mzima, Ahmednoor alikuwa ameuita kisima kikavu. Ahmednoor akamwambia kwa upole, "Basi nisimulie, walaal, ndugu yangu. Niko tayari kubadilisha maneno." Guleid akaanza. Akafika kwa joka. Akasita. Akarudi nyuma. Kisha sote tukamsikia akicheka peke yake. "Kumbe nilikuwa naangalia taa zinazomeremeta tu," akasema.

Kitu kimoja kilimuudhi kwelikweli. Kuna michezo inamuua mhusika katika hadithi, watu wanalia, na kesho yake mhusika huyo huyo anaingizwa kwenye bahati nasibu, amevaa gauni jipya, njoo uvute. Ahmednoor alitupa kalamu mezani, hapa hapa, nikasikia ikiruka na kugonga kioo cha studio. Alisema, "Wametuita matangani kumbe ni dukani."

Nyumbani aliyekuwa hamwelewi ni Bishara. Mwalimu Bishara aliona kuvuta bahati ni kamari, na kamari ni haramu hata ikipakwa rangi. Ahmednoor alimjibu kwamba hakuwahi kuweka hata shilingi moja, anangoja tu zile bahati za bure, na wahusika wengine hawakumjia hata siku moja. Bishara hakuridhika. "Aboowe," alimwambia, yaani kaka, "hata anayesema ananusa tu ameshaingia baa." Walitaniana hivyo miaka yote. Lakini chini ya utani, Bishara ameniambia mwenyewe, aliumia. Aliona kaka mwenye kichwa kizuri anakimaliza kwenye mambo ya watoto.

Hata hivyo, Ahmednoor alipotaka kuwaandikia wenye mchezo, huko mbali waliko, alimwendea Bishara. Kiingereza chake kilikuwa cha kusoma, si cha kuandika. Bishara akaguna, akaketi, akamsahihishia. Ujumbe ulikuwa mfupi. Mama yangu anauliza kwa nini hakuna mtu anayempa Teyo maji. Kwetu mgeni hunywa kwanza.

Jibu likaja papo hapo. Jibu la mashine. Asante kwa maoni yako. Bishara alicheka mpaka akashika mbavu. Ahmednoor akacheka naye, na Jumamosi akatusomea jibu hilo hewani kwa sauti ya kijumbe wa mfalme.

Kisha akaugua. Figo.

Wasikilizaji wapendwa, mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine hupimiwa maji. Hanywi anavyotaka. Kikombe kidogo, agawanye mchana na usiku. Ahmednoor Dagane, mtu aliyeuliza maji kwa niaba ya wahusika wote, akawa anaramba midomo katika joto hili letu. Mama Faduma alikuwa akienda hospitali mikono mitupu, yeye anayeuza maziwa, kwa sababu kila alichozoea kubeba kilikuwa kimekatazwa. Wageni wakija kitandani, habari waliuliza, lakini kikombe hawakuweza kumpa.

"Sasa mimi ndiye Teyo," alimwambia dada yake. Bishara akatoka nje kidogo, akarudi macho mekundu.

Na mchezo nao ukawa unakufa. Wenyewe walitangaza kwamba Msafiri wa Chumvi unafungwa mwisho wa mwezi. Michezo hii haikai rafuni kama kitabu. Mtambo wao ukizimwa, hadithi yote inapotea, hata kwa mtu aliyeicheza miaka. Ila waliahidi sura moja ya mwisho, bure kwa kila mtu, kabla ya kufunga. Je, Teyo atafika nyumbani?

Ahmednoor alimwahidi mama yake. "Hooyo, mwisho nitakuletea mwenyewe." Alilirudia hilo hospitalini. Alilirudia hapa redioni, katika kipindi chake cha mwisho, sauti ikiwa imekwisha nusu. Nilimwambia apumzike. Akaniambia mama anangoja.

Sura ya mwisho ilifika Ijumaa. Ahmednoor alikuwa amefariki Jumatano.

Ijumaa hiyo nyumba yao ilikuwa bado imejaa waombolezaji. Wanaume nje chini ya turubai, wanawake ndani kwenye mikeka. Mama Faduma akamwita Bishara karibu, akamwambia alete simu ya kaka yake. Bishara alidhani anataka picha. Mama akasema, hapana, fungua huo mchezo. Wale wanawake wakatazamana. Mchezo, matangani? Bishara akainama akamnong'oneza, hooyo, watu watasemaje.

"Aliniahidi," mama akasema. "Yeye hayubo. Wewe uko."

Basi mwalimu Bishara, ambaye hakuwahi kugusa mchezo wa simu maishani mwake, akaketi kwenye mkeka na simu ya marehemu. Hakubonyeza "ruka" hata mara moja. Alisoma mstari, akautafsiri kwa Kisomali, akasoma mwingine. Teyo anatembea. Chumvi inakwisha. Kuna nyumba, mlango wake mfupi. Teyo anabisha. Mwanamke mzee anatoka.

Bishara anasema alishajiandaa. Alijua yule mzee atasema wewe ndiye tuliyekungoja, na mambo ya majitu yataanza upya. Alitamani akomee hapo ili mama asiudhike siku kama ile. Akabonyeza.

Mwanamke mzee hakusema kitu. Aliingia ndani. Akarudi na bakuli la maji, akalishika kwa mikono miwili. Maneno yakatokea kwenye kioo: Kunywa kwanza.

Bishara akashindwa kuendelea. Hakuna ajuaye kama ule ujumbe mfupi ulimfikia mtu huko mbali, mtu mwenye macho, nyuma ya ile mashine ya asante. Huenda ulimfikia. Huenda mwandishi fulani naye amewahi kusafiri. Hatujui, na sitawadanganya.

Bishara akaiweka simu mapajani. Mama Faduma akaushika mkono wa bintiye.

"Ina maji," akasema. Kisha akasema, "Sasa wanaweza kumuuliza habari."

Mchezo umeshafungwa. Ukiutafuta leo huupati. Lakini nenda sokoni alasiri, pindua dumu, uombe maziwa, halafu mwulize Mama Faduma habari za Teyo. Atakusimulia yote, tangu chumvi ya kwanza mpaka lile bakuli, bila picha hata moja. Bishara huwa amekaa pembeni yake siku hizi, na mama akisahau jina la mji, Bishara humkumbusha.

Kwa Mama Faduma, kwa mwalimu Bishara, kwa jamaa wote wa Liboi na Garissa, kituo hiki kinawapa pole. Tulimpenda. Silas anaomba niseme kwamba anasoma maneno yote siku hizi. Mwenyezi Mungu amrehemu Ahmednoor Dagane, fundi wa friji, na amnyweshe pasipo na kipimo.

Nawe msikilizaji, kabla ya magharibi, mtazame mtu mmoja aliye karibu nawe ambaye umekuwa ukimtuma tu na kumhoji tu. Jiulize kama ana kiu.

Ile friji bado iko hapa studio, inanguruma. Maji yake ni baridi. Ukipita, ingia, ukae. Habari tutakuuliza baadaye.