Historia ya Owen Kisakye na Uwanja wa Besiboli wa Buluk

Bwana asifiwe. Mchungaji wetu, wazee, majirani wa Buluk na Hai Jalaba, nanyi wachezaji mliokuja na jezi zenu, mimi ni Lillian Namukasa, mdogo wake marehemu, familia imeniomba niwasomee maisha ya kaka yetu, na nitasoma polepole, mnivumilie.

Marehemu Owen Kisakye alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Bugembe, Jinja, nchini Uganda, mtoto wa pili wa wazazi wetu, akabatizwa mwaka huohuo. Alisoma shule ya msingi hapohapo Bugembe, akamaliza kidato cha nne mwaka 1992, na ni huko sekondari mwalimu mgeni alikowafundisha besiboli, mchezo ambao marehemu baba yetu hakuuelewa kamwe, kwani alishangaa mtu akimbie kwa nguvu zake zote ili arudi palepale alipoanzia.

Kaka alijifunza uashi, akajenga Jinja na Kampala, na mwezi Februari 2006 akaja Juba, ambako kazi za ujenzi zilikuwa nyingi. Mwaka 2009 mzee Constantine, ambaye naye ametutangulia, alimruhusu kutumia kiwanja chake cha Buluk, katikati ya mji, kilichokuwa kimejaa vipande vya matofali, na kaka na wenzake wakakisafisha jioni baada ya kazi, wakakisawazisha, wakajenga ngazi za saruji za kukalia watazamaji, wakazungusha mabati. Majirani walipoona vijana wameshika magongo walidhani wanafundishwa kupigana, wakamwita chifu, chifu akaja kukagua, akapewa gongo ajaribu, akaupiga mpira ukavuka mabati na kuangukia birika la dada mmoja aliyekuwa akiuza chai, na tangu siku hiyo chifu akawa mtazamaji wetu wa kila Jumamosi.

Kaka ndiye aliyetumwa kuomba radhi kwa ajili ya lile birika, na alikwenda kuomba radhi mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Dada huyo ni wifi yangu Achol Athian, ambaye alifunga naye ndoa takatifu tarehe 26 Novemba 2011 hapa Juba, na Mungu akawajalia watoto wawili, Cyril na Jael.

Kwa wale wasioujua mchezo huu, mchezaji hupiga mpira, hukimbia akizunguka vituo vitatu, na hapati pointi mpaka akanyage kibao alichoanzia, nacho kinaitwa nyumbani. Kibao cha Buluk kaka alikikata kwenye tairi la lori, akakipaka rangi nyeupe, na mkimbiaji alipokikaribia uwanja mzima ulipaza sauti kwa Kiarabu cha Juba, "Ruwa bet," nenda nyumbani. Walicheza hapo Waganda wa sokoni, Wakenya wa mabenki, na vijana wa mji huu, na ilipokuja vita, Desemba 2013 na tena Julai 2016, hakukuwa na mchezo, watu walilala chini ya zile ngazi za saruji, na kaka na Achol wakawapikia uji.

Mzee Constantine alipofariki, warithi wake waliuza kiwanja, walikuwa na haki yao, na leo pale pana jengo la maduka. Asubuhi ya tarehe 6 Machi 2021, kabla ya tingatinga kuingia, kaka alikichimbua kibao kwa mwiko wake wa uashi, akakipeleka Nesitu, kando ya barabara ya Nimule iendayo Uganda, ambako kanisa lilimpa mahali, akakifukia upya, na vijana wanacheza huko hadi sasa.

Mwaka 2023 figo zake zilianza kumsumbua, akatibiwa hapa Juba na Kampala, na mwezi Januari mwaka huu wa 2025 akalazwa tena. Siku za mwisho alirudia neno moja, "Nipelekeni nyumbani, nikanyage." Hakusema zaidi, na tarehe 11 Februari, alfajiri, akalala katika Bwana.

Neno hilo liliigawa familia. Kaka yetu mkubwa Rufus alikwisha kuchimbisha kaburi Bugembe, kando ya baba, akasema mtu anayekufa huita kwao, wifi yangu akajibu kwamba nyumbani pa kukanyaga ni mahali pamoja tu, Nesitu, na kwamba yeye na watoto hawatamtembelea mume wake kwa pasi ya kusafiria. Tulilia, tukanyamaziana, tukaomba. Jana jioni Rufus alimuuliza dereva tutapita wapi, akatajiwa Nesitu, kisha akamgeukia Achol, akasema, "Mama Cyril, kumbe njia ni moja."

Kwa hiyo tukitoka hapa tutasimama Nesitu, wachezaji watalishusha jeneza juu ya kibao, kisha tutaendelea na safari ya Bugembe kwenye maziko, Achol na watoto wakiwa gari la mbele, na Rufus ameahidi mbele ya mchungaji kwamba mlango wa Bugembe ni wao.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliokesha nasi, mafundi wenzake waliotengeneza jeneza hili kwa mikono yao, na wachezaji wote.

Kaka Owen, umezunguka vituo vyote. Kanyaga, kisha uende kwa baba. Pumzika kwa amani.