Mwenye Mali Aseme

Basi la kutoka Thika lilikuwa bado halijafika Juja, na Kaleli alikuwa ameshamweleza mama aliyeketi kando yake jinsi alivyopandishwa cheo shambani. Turubai jipya la kufunikia kahawa lilikuwa limekunjwa magotini mwake. "Niliona wingu, mama. Kahawa imeanikwa nje, nyapara ameenda kula. Sikungoja kuambiwa, nikafunika. Leo nyapara ni mimi. Huko ndiko kujituma."

"Hicho ni kimbelembele," alisema yule mama. Jina lake, Wakonyo, tulilijua sote tangu alipotangaza kwamba mtu kama Wakonyo hapandishiwi gunia la unga juu ya basi, na utingo akalipandisha vivyo hivyo. "Mke wa mwanangu alinichimbia viazi bila kuambiwa, vikiwa vidogo kama vidole. Mtu mwenye adabu hungoja mwenye mali aseme."

"Na mwenye mali akiwa haoni?"

"Atajua mwenyewe."

Tuliposimama Juja kuchukua watu, Kaleli alichungulia dirishani, akaliangalia turubai lake, akanyamaza. Nilidhani ameshindwa, nikamhurumia bure.

Tulifika Ruiru mvua ikipiga bati kwa fujo. Basi liliposimama Wakonyo aliruka kitini. "Uui! Unga wa harusi ya binti yangu! Wewe si uko dirishani, hukuiona mvua hii ikija?"

"Niliiona tangu Juja, mama," Kaleli alisema, amelikumbatia turubai. "Nilikuwa nangoja useme."